Wati Elfu Kumi za Uongo

Hebu geuza wufa yako. Ndiyo, sasa hivi, ivute kutoka kwenye kona uangalie mgongoni. Kwenye boksi waliandika PMPO 10,000W kwa herufi za dhahabu. Huko nyuma, kwenye kijikaratasi karibu na waya wa stima, utakuta nambari nyingine kabisa: 60W, labda 80W. Hiyo ya nyuma ndiyo mashine uliyonunua. Ya kwenye boksi ni hadithi.

Na si lazima uniamini mimi. Stima yetu ni volti 240. Plagi yetu ya miguu mitatu ina fyuzi isiyozidi ampea 13. Zidisha: 3,120. Hakuna kifaa kitakachokaa kikivuta zaidi ya hapo kwenye soketi ya ukutani bila fyuzi kukatika. Sasa hizo wati elfu kumi zinatoka wapi, baharini? PMPO haina kipimo kinachokubalika popote. Kila kiwanda hujipimia kivyake, kwa muda wa kupepesa jicho, kisha kinaandika kinachopendeza. Nambari ya kutafuta inaitwa RMS, nguvu ambayo mashine inaweza kuitoa mfululizo. Usipoiona popote, jua kuna sababu.

Nina hasira kwa sababu mimi nililipa. Mwaka nilioacha chuo nilianza kupata vijipesa vya kuandikia watu makala mtandaoni, na kitu cha kwanza nilichotaka ni chumba changu kipige kama sinema. Duka moja hapa Malindi wakanipa wufa ya spika tano kwa mkopo, unalipa kidogo kidogo kila siku. Taslimu ilikuwa elfu tisa na mia tano. Nilipomaliza nilikuwa nimetoa karibu elfu kumi na nne. Jioni ya kwanza nikamwita bibi yangu tutazame Nairobi Half Life. Mlango ukatetemeka, vikombe vikacheza kabatini, nikajiona mfalme. Dakika kumi hazijaisha bibi akauliza, "Baba, hawa watu wasema nini?"

Nikaongeza sauti. Wakazidi kunguruma. Kumbe hata mimi nilikuwa nakisia tu.

Huo ndio ugomvi wangu. Tunakopa pesa kununua vyombo vya sinema visivyojua kusema. Filamu za nje zina maandishi chini, kwa hivyo unasoma na hujui umeibiwa. Inayoumia ni ya kwetu, ya Kiswahili na Sheng, ambayo hakuna aliyekuandikia maneno chini kwa sababu ni lugha yako. Halafu tunasema ati filamu za Kenya hazieleweki, waigizaji wanameza maneno. Huenda anayemeza ni wufa.

Sisi tuliokua tukilipa shilingi kumi kwenye vibanda vya video tunakumbuka. Spika mbovu, benchi la ubao, joto la kufa mtu. Lakini DJ Afro alipoanza kutusimulia Wachina wanachoambiana, kila neno lilifika hadi nyuma, na kibanda kizima kikacheka kwa pamoja. Neno ndilo lililokuwa likitupeleka pale, si tetemeko.

Najua mtakavyonijibu. Bila besi hakuna ladha. Nawaelewa, masikio yetu yamelelewa na tuktuk zenye wufa chini ya kiti na disko matanga zinazosikika kijiji cha tatu. Lakini uwanjani besi haina ukuta wa kugonga, inaenda zake. Chumba chako ni futi kumi kwa kumi, sementi chini, mawe pembeni, mabati juu. Besi inagonga, inarudi, inajirundika juu ya sauti za watu. Ukiiweka wufa kwenye kona, kama sote tunavyofanya, unaiongezea nguvu mara nyingine. Na pale ukuta usipofika paani, mtoto wa jirani ndiye anayemalizia filamu yako akilia.

Hata zile spika tano ni kiini macho. Katika 5.1 ya kweli, spika ya katikati ndiyo inayobeba mazungumzo. Lakini wengi wetu tumeunganisha TV kwa waya wa pini nyekundu na nyeupe, yaani chaneli mbili, kulia na kushoto. Hizo spika nyingine zinarudia tu walichosema wenzao.

Niliiuza ile wufa kwa hasara ambayo sitaitaja. Nikaenda kwa fundi mmoja Kisumu Ndogo, akaniuzia amplifaya ya stereo ya zamani aliyoinunua kwa Mtaliano aliyekuwa anahama, ingali na plagi yake ya miguu miwili. Wati 40 kila upande, za kweli. Amplifaya elfu nne na mia tano, spika mbili za mbao elfu tatu, waya mia tatu. Usicheke hizo 40: kuzidisha wati mara mbili huongeza desibeli 3 tu, na ili sikio lihisi sauti imekuwa maradufu unahitaji wati karibu mara kumi.

Ukienda kununua mtumba, gusa ile pete laini inayozunguka koni ya spika. Kama ni ya sponji na inamomonyoka kidoleni, iache au mshushe bei, maana unyevu wetu wa pwani ushaila. Angalia soketi za nyuma, chumvi hupenda shaba. Washa bila muziki na usikilize kama inavuma. Na tafadhali nunua gadi ya stima, maana ikipotea na kurudi kwa kishindo haitakuuliza ulinunua bei gani.

Kuziweka hakugharimu kitu. Umbali kati ya spika na spika uwe sawa na umbali kutoka kila moja hadi unapokaa. Ile spika ndogo ya sauti nyembamba iwe usawa wa masikio. Mimi nimetumia stuli mbili. Zisogeze kutoka ukutani. Tandika mkeka, tundika pazia zito, simamisha godoro kuukuu nyuma yako. Utashangaa: maneno yatatoka katikati ya kioo cha TV, mahali ambapo hakuna spika yoyote.

Juzi tuliirudia ile filamu. Bibi alitulia kwa muda mrefu, hakuuliza kitu. Kisha akaniamuru nisimamishe. Kuna kijana ametukana pale, amemsikia vizuri sana, na anataka nimweleze kwa nini mtu mzima kama yeye ninamwekea picha za matusi.