Msimulizi Asiandike Mwisho

Wahenga walinena kwamba mja hupanga na Mola hupangua. Sina ubishi nao. Lakini mimi nimeona kwa macho yangu mawili msimulizi akipanga na wachezaji wakipangua, na nilipojaribu kuwazuia wasipangue, niliharibu mchezo na nusura nimpoteze rafiki. Mahali penyewe ni mezani, Jumamosi alasiri, tukicheza mchezo wa majagina. Katika makala haya nakusudia kueleza mchezo huo ni nini, kutoa maoni yangu kuhusu namna unavyofaa kupangwa na kuendeshwa, na hatimaye kuwasihi walimu wetu waupe nafasi katika chama chetu cha Kiswahili.

Kwanza mchezo wenyewe. Watu wanne au watano huketi wakizunguka meza. Mmoja ndiye msimulizi. Waliosalia, kila mmoja ana jagina wake mwenye nguvu zisizo za kawaida. Msimulizi hueleza mahali na mkasa, kisha huuliza, "Sasa wewe unafanya nini?" Mchezaji hujibu kwa kinywa chake. Jambo likiwa rahisi, linafanyika. Likiwa gumu, dadu hurushwa. Hakuna ubao kama wa drafti, hakuna timu mbili, wala hatangazwi mshindi. Mchezo wa aina hii uliotangulia kuvuma, Dungeons & Dragons, ulichapishwa Marekani mwaka wa 1974, nao ulihusu mapanga na majoka. Michezo ya majagina ilifuata: Champions mwaka wa 1981, Marvel Super Heroes mwaka wa 1984, na baadaye sana Masks, wa mwaka wa 2016, ambao majagina wake ni vijana wa rika letu. Huo wa mwisho nilifunzwa na binamu yangu wakati wa likizo. Nami nikauleta shuleni nikiwa kidato cha pili, tukaucheza kwa Kiswahili.

Najua kuna watakaosema, "Hayo ni mambo ya ng'ambo." La hasha! Ni nani kati yetu hajasoma mighani darasani? Fumo Liyongo hakuweza kudhuriwa na silaha yoyote ila sindano ya shaba ikidungwa kitovuni. Luanda Magere wa Waluo alikuwa na mwili wa jiwe, na nguvu zake zilikuwa kivulini. Wa kwanza alisalitiwa na mwanawe, wa pili na mkewe. Tazama basi: tunachokikumbuka zaidi si nguvu zao bali pale walipoweza kuumizwa, na nani aliyepajua. Waliobuni Champions walilifahamu jambo hilo pia, kwani humo mchezaji huongezewa alama za kununulia nguvu akikubali jagina wake awe na udhaifu. Jagina asiye na udhaifu hana hadithi. Huo ni msingi wa kwanza wa kupanga mchezo, na bila shaka sisi tulikuwa nao kabla ya dadu.

Sasa nije kwenye kosa langu. Mkasa wangu wa kwanza niliuandika kurasa kumi na mbili za daftari. Niliuweka katika feri ya Likoni, kule Mombasa, kwa kuwa wengi wetu tumewahi kuipanda au kuiona kwenye runinga. Adui aliitwa Kutu. Chuma chochote alichokigusa kililiwa na kutu papo hapo. Feri inafika katikati ya mkondo, imejaa watu na magari, naye Kutu anainama na kuweka kiganja kwenye sitaha. Majagina walikuwa wanne: Radi, Kobe, Upepo na Mwangwi. Mwenye Mwangwi alikuwa mwenzetu mpole kwelikweli. Katika mikutano ya chama sikuwahi kumsikia akisema zaidi ya "naam" na "sijui". Nguvu ya jagina wake ilikuwa sauti: aliweza kuifikisha popote.

"Mimi sitaki kupigana," akasema. "Nataka kumwuliza Kutu ni nani aliyemkosea."

"Hakusikii," nikamjibu. "Ana hasira."

"Sauti yangu si inafika popote?"

"Leo upepo ni mkali."

"Si Upepo ni mwenzetu? Autulize."

Mwenye Upepo akapiga meza kwa furaha. "Nautuliza!"

Hapo ningepaswa kufurahi. Watu wawili walikuwa wameungana kutafuta njia ambayo sikuiwaza. Badala yake nilikasirika, maana katika ukurasa wa tisa nilikuwa na pigano la kukata na shoka ambalo nililitungia tashbihi nyingi, na ningemwachia nani tashbihi zangu? Nikasema, bila hata kurusha dadu, "Kutu anakuzaba kofi, unaanguka majini."

Akaniangalia. Akaisukuma karatasi yake katikati ya meza. "Basi, bwana, si ucheze peke yako." Akaenda zake. Wengine walibaki kwa adabu tu. Pigano lilipiganwa, Kutu akashindwa kama nilivyoandika, na hakuna aliyeshangilia.

Jumamosi iliyofuata hakuja. Nilimwendea mferejini akifua soksi. Nikamwambia, "Pole. Nilikosa." Akaendelea kufua. Baada ya muda akauliza, "Lakini ni nani aliyemkosea?" Nikawa sina jibu. Kurasa kumi na mbili, na sikujua kwa nini mtu wangu ana hasira!

Tangu siku hiyo nina msimamo mmoja, nao ndio kiini cha makala haya: msimulizi apange mkasa, asipange mwisho. Kosa langu lilitokana na mazoea ya insha. Sisi sote tumefundishwa ile insha ya kumalizia kwa maneno uliyopewa. Maneno ya mwisho yako tayari, kazi yako ni kuwasukuma wahusika hadi wafike hapo, watake wasitake. Katika karatasi si dhambi, kwani wahusika wa insha hawana kinywa. Mezani wanacho, na ukiwaziba utabaki na daftari lako.

Je, basi mtu apange nini? Siku hizi mpango wangu haupiti ukurasa mmoja. Naandika kwanza adui anataka nini na kwa sababu gani. Pili, naandika kitakachotokea majagina wasipofanya lolote: baada ya dakika tano injini inazimika, baada ya dakika kumi maji yanaingia, baada ya dakika ishirini feri inazama. Hii ndiyo saa ya mchezo, nayo hainingojei mimi wala wao. Tatu, naweka mahali patatu, mathalani sitaha, chumba cha injini na gati. Nne, watu watatu wa kawaida wenye haja zao: mama mwuza mahamri, baharia mzee, mtoto aliyepotezana na dada yake. Bila hao jagina hana wa kumwokoa ila sifa zake. Tano, swali moja kwa kila jagina, linalogusa udhaifu wake. Basi. Penye mwisho naacha wazi.

Kuendesha nako kuna adabu yake. Anza na anayenyamaza, usianze na mwenye sauti kubwa. Mchezaji akitaka jambo la ajabu usimwambie "huwezi", mwulize, "Uko tayari likugharimu nini?" Jambo gumu waachie dadu. Sisi tunafuata mtindo wa Masks. Unarusha dadu mbili: ukipata 10 au zaidi umefaulu, ukipata 7 hadi 9 umefaulu lakini kwa gharama, ukipata 6 au chini yake umeshindwa na mambo yanazidi kuharibika. Katika mchezo wenyewe huongezwa au kupunguzwa alama za jagina, lakini hata bila hizo hesabu inapendeza. Dadu mbili zina njia 36 za kuanguka. Njia 6 tu ndizo za kufaulu bila deni, 15 ni za kufaulu kwa gharama, na 15 ni za kushindwa. Yaani njia 21 kati ya 36 zinakupa unachotaka, na nyingi kati ya hizo zinakudai kitu. Deni hilo ndilo linaloisukuma hadithi mbele, wala si daftari la msimulizi.

Tulirudia mkasa wa Kutu, na mwenye Mwangwi akaja. Akauliza swali lake lilelile. Safari hii nilikuwa na jibu: Kutu alikuwa fundi wa jua kali aliyebuni mashine, tajiri mmoja akamwibia ubunifu wake na kutajirika, na gari la tajiri huyo lilikuwa ndani ya feri ile. Alitaka kuliharibu gari tu, lakini nguvu zake zilimshinda kuzizuia. Dadu zikaanguka 3 na 5. Nane! Amefaulu, kwa gharama. Nikasema Kutu atakubali kuondoa kiganja ikiwa Mwangwi ataapa kutangaza dhuluma hiyo mji mzima usikie. Kabla Mwangwi hajajibu, mwenye Radi alishika kichwa, akasema polepole, "Huyo tajiri... awe baba yangu."

Meza nzima ilinyamaza. Mimi sikuliandika hilo. Nisingeweza kuliandika. Mwangwi akamtazama Radi, Radi akatazama chini, na kengele ya chakula ikalia hakuna aliyeinuka. Muhula mzima uliobaki tuliucheza juu ya kiapo kile, na yule mwenzetu wa "naam" na "sijui" alikuwa ndiye msemaji mkuu wa meza.

Wapo wanaonipinga. Rafiki yangu mmoja asema kwamba hadithi isiyo na mwisho uliopangwa hutangatanga kama mbuzi asiye na mchungaji. Ana haki kiasi. Ndiyo maana nimetaja ile saa ya mchezo, na ndiyo maana tunacheza saa mbili tu na kukoma. Lakini kuwa na mchungaji si kufungwa kamba. Mkasa unawabana majagina. Njia ya kutokea waitafute wenyewe.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo ni la walimu. Mwalimu mmoja wa zamu aliziona dadu zetu mezani akazichukua, akasema dadu ni kamari. Simlaumu. Sote tunawajua wenzetu waliopoteza pesa za matumizi katika kubahatisha, na mwalimu anayenyamaza akiona dadu hatutakii mema. Tuliendelea kwa kuweka vipande sita vya karatasi vyenye namba ndani ya kila kikombe kati ya viwili, ukachota kimoja kimoja, na hesabu ikabaki ileile. Hata hivyo naomba nitoe hoja kwa heshima. Kamari ni kuweka mali ili uchukue ya mwenzio. Mezani petu hakuna anayeweka hata shilingi, na hakuna anayeondoka na cha mwingine. Katika Marvel Super Heroes jagina akiua, hupoteza alama zake zote za wema alizojikusanyia. Mchezo unaomfilisi muuaji hivyo si shule ya uhuni.

Fauka ya hayo, tazameni faida kwa lugha. Neno "sitaha" hakuna aliyelijua kati yetu. Tulilitafuta katika kamusi kwa kuwa tulihitaji mahali pa kusimama. Wakati wa mchezo mtu huzungumza Kiswahili saa mbili bila kulazimishwa na bila kuogopa kucheka au kuchekwa, kwa sababu feri inazama na lazima aseme kitu. Ni somo gani linalotupatia hilo?

Kwa hivyo ombi langu kwa walimu ni dogo. Tupewe Jumamosi moja kila baada ya wiki mbili, dadu zikae kwa mlezi wa chama, naye mwenyewe akaribishwe mezani. Kwenu wenzangu ombi ni gumu zaidi. Siku utakayokuwa msimulizi, au kiranja, au kiongozi wa chochote, mtu mnyamavu atakuuliza swali ambalo halimo daftarini mwako. Funga daftari. Huenda hilo ndilo lililokuwa swali la pekee lenye maana.

Mwanachama, Kidato cha Tatu