MAONI: Jina moja, namba zile zile, lakini kisahani hakiruki sawa

Mpwa wangu anaishi Des Moines, jimbo la Iowa, kule Marekani. Kila siku ya posho, kama hana kazi, anaenda na wenzake kwenye bustani ya mji kucheza gofu ya visahani. Wengi wao ni watoto wa Uvira, Fizi na Walungu, waliokulia kambini kabla ya kupelekwa huko. Kiwanja ni cha bure. Huhitaji viatu maalumu, huhitaji kujiunga na klabu. Unahitaji visahani viwili au vitatu tu, na hapo ndipo shida inapoanzia.

Mwezi uliopita kisahani chake alichokizoea kilitumbukia ziwani. Akajinyima, akaweka dola 20 pembeni, akaenda dukani kununua kingine: jina lile lile, uzito ule ule, na namba nne zile zile zilizoandikwa juu yake. Kitu kimoja tu kilibadilika, nacho ni aina ya plastiki. Muuzaji alimwambia ni kile kile, tena hiki kitadumu zaidi. Kile cha zamani kilikuwa kinaenda wima, kinaegemea kulia kidogo, kisha kinarudi kushoto mwishoni. Hiki kipya kilitoka mkononi na kabla ya nusu ya safari kikakata kushoto na kuingia kwenye ziwa lile lile. Dola 20 zikazama kwa mrusho wa kwanza.

Akanipigia simu. "Mjomba, mkono wangu umeharibika?"

Nilimjibu kwamba mkono wake ni mzima. Kilichoharibika ni desturi ya kuuza vitu vitatu tofauti kwa namba moja, na ninaona ni wakati wa kuisema wazi, kwa sababu vijana wetu huko ng'ambo wanazidi kuingia katika mchezo huu na wengine wameanza kuuliza namna ya kutuma visahani nyumbani.

Kwa msomaji ambaye hajauona mchezo wenyewe: ni gofu, lakini badala ya kupiga kampira kwa fimbo, unarusha kisahani cha plastiki kutoka fasi ya kuanzia mpaka kwenye kikapu cha chuma chenye minyororo. Anayefika kwa mirusho michache ndiye mshindi. Ed Headrick wa California ndiye aliyebuni kikapu hicho cha minyororo, na ndiye aliyeanzisha chama cha wachezaji, PDGA, mwaka 1976. Alipofariki mwaka 2002, majivu ya mwili wake yalichanganywa ndani ya plastiki ya visahani, kama alivyotaka mwenyewe. Watu wa mchezo huu wanaupenda kwa namna hiyo.

Kuna visahani vya kumalizia karibu na kikapu, vya umbali wa kati, na vile vya kurusha mbali ambavyo wachezaji wanaviita draiva. Hivi vya mwisho vina ukingo mpana na mkali, na ndivyo vyenye kigeugeu kuliko vingine vyote.

Namba nne ninazozisema zilianzishwa na kompani ya Innova, na kompani nyingine nyingi zikafuata mfumo huo. Ya kwanza ni kasi ambayo kisahani kinahitaji. Ya pili ni uwezo wa kuelea. Ya tatu inaeleza kisahani kinageuka kulia kiasi gani kikiwa bado na kasi. Ya nne inaeleza kinarudi kushoto kiasi gani kinapochoka. (Hiyo ni kwa mtu wa mkono wa kulia anayerusha kwa nyuma ya mkono; wa kushoto ageuze yote.) Draiva yao maarufu sana, Destroyer, inajulikana kwa namba 12, 5, -1 na 3. Ni moja ya visahani vinavyorushwa zaidi duniani, na hakuna mchezaji asiyejua namba hizo kwa kichwa.

Sasa sikiliza. Destroyer inatoka katika plastiki ya DX, ambayo ni ya bei ya chini, katika Pro, katika Star, katika Champion, na katika Blizzard, ambayo ina mapovu madogo ya hewa ndani ili iwe nyepesi. Namba zinabaki 12, 5, -1 na 3. Muulize mchezaji yeyote wa muda mrefu kama zinaruka sawa, atacheka. Kwa kawaida ya Champion ni kaidi zaidi, yaani haikubali kugeuka kulia na inawahi kurudi kushoto. Ya DX inaanza vizuri, lakini baada ya kugonga miti wiki chache inalegea na kuanza kulala kulia. Ya Blizzard, kwa wepesi wake, upepo wa mbele unaipindua kirahisi. Mimi naviona kama ndugu wa tumbo moja: jina la baba ni moja, tabia ni mbalimbali.

Kwa nini iwe hivyo? Chukua gurudumu la baiskeli, lishike kwa ekseli pande zote mbili, mtu alizungushe kwa nguvu, kisha jaribu kuliinamisha. Utaona linakataa na kwenda upande ambao hukuusukuma. Kisahani ni vivyo hivyo. Kinapotoka kwa kasi kubwa, nguvu ya hewa inayokiinua inakaa nyuma kidogo ya katikati, na pua inataka kuinama. Lakini kwa kuwa kinazunguka, hakiinami mbele. Msukumo huo unatokea ubavuni, kinalala kulia. Kasi inapopungua, nguvu ya hewa inasogea mbele, pua inataka kuinuka, na mzunguko unaugeuza msukumo huo kuwa wa kushoto. Utulivu wote wa kisahani angani ni mashindano kati ya mambo hayo mawili.

Na mashindano hayo yanaamuliwa na vitu vidogo sana. Plastiki inaingia kwenye kalibu ikiwa moto, kisha inapoa na kujikunja. Kila plastiki inajikunja kwa namna yake. Moja inatoka na mgongo ulioinuka, nyingine inatoka bapa. Ubavuni kuna mstari mwembamba, pale sehemu za kalibu zinapokutana: ukikaa juu kidogo, kisahani kinakuwa kaidi, ukikaa chini, kinageuka kirahisi. Ni tofauti ambayo jicho la mnunuzi haliioni dukani, lakini baada ya mita 80 angani ndiyo inayoamua kama utaokota kisahani chako kwenye nyasi au utakiaga majini. Hata plastiki moja, iliyomwagwa siku mbili tofauti, inaweza kutoa visahani visivyofanana.

Hakuna uovu katika jambo hilo. Plastiki ni plastiki. Ninachokataa ni namba kubaki ile ile.

Mama yeyote anayenunua unga Goma au Bukavu anaijua habari ya mkebe wa Guigoz. Mkebe ni kipimo, bei inatajwa kwa mkebe. Lakini kuna mikebe iliyogongwa chini mpaka kitako kikaingia ndani. Jina ni Guigoz, bei ni ya Guigoz, unga si wa Guigoz. Mama mwenye akili anaingiza mkono ndani ya mkebe kabla ya kulipa. Mnunuzi wa kisahani ataingiza mkono wapi? Kiatu unakijaribu sokoni Kadutu kabla ya kutoa franga. Kisahani, ukishakirusha na kukikwaruza, ni chako.

Najua jibu la wenye viwanda: namba ni mwongozo tu, kila mtu ana mkono wake, upepo wake, urefu wake wa mlima. Ni kweli, na sibishani nao hapo. Mrushaji dhaifu atakiona kisahani chochote kuwa kaidi. Draiva ya kasi 12 inataka mkono wa takriban kilomita 100 kwa saa. Mtoto anayeanza akiirusha, itaanguka kushoto hata iwe ya plastiki gani, na ndiyo maana anashauriwa aanze na visahani vya kasi ndogo. Lakini jibu hilo linaficha swali. Mkono wangu ukiwa ule ule, siku ile ile, upepo ule ule, na visahani viwili vyenye namba moja vikaenda pande mbili, kilichotofautiana ni nini kama si kisahani? Halafu hao hao wenye viwanda hawafichi kwamba plastiki inabadilisha mruko. Wanaiandika katika maelezo yao ya mauzo. Basi kama mnajua, andikeni namba ya kila plastiki.

Tena vifaa vya kupima vipo. Leo kuna kisahani chenye kihisio ndani, kinachouzwa kwa mtu yeyote mwenye pesa, ambacho kinakuambia umerusha kwa kasi gani, umekizungusha mara ngapi, na kilitoka mkononi kikiwa kimelala kiasi gani. Maana yake mkono wa mchezaji umeshapimwa mpaka desimali. Kisahani chenyewe, ambacho ndicho kinachouzwa kwa mamilioni, kinabaki na namba ya kukadiria.

Na PDGA? Chama hicho kinapima, tena kwa ukali. Kisahani hakiruhusiwi kuzidi gramu 8.3 kwa kila sentimita ya kipenyo; ndiyo sababu draiva nyingi, zenye kipenyo cha kama sentimita 21.1, zinaishia gramu 175. Ukingo hauruhusiwi kuzidi upana wa sentimita 2.6. Hakuna kisahani kinachoingia mashindanoni bila kibali. Lakini chama kinapima umbo. Namba nne za mruko si kazi yake. Mimi naona hilo ni pengo. Si lazima chama kipime kila kisahani kinachotoka kiwandani, hilo haliwezekani. Kingeweza kudai kwamba kila aina ya plastiki inayouzwa kwa jina moja irushwe mara kadhaa kwa masharti yaleyale, na matokeo yachapwe. Mwenye kutaka kuuza toleo la kukumbusha lenye sahihi ya bingwa na rangi za kupendeza, auze, ila aseme toleo hilo linarukaje.

Mpaka hapo, kazi inabaki kwa mnunuzi. Nilimweleza mpwa wangu namna ya kulinganisha, na namna yenyewe haina gharama. Tafuta kiwanja tupu, asubuhi, kabla upepo haujaamka. Visahani viwe vya uzito mmoja, au vikaribiane kwa gramu mbili tatu, la sivyo hujui unapima plastiki au unapima uzito. Rusha kila kimoja mara tano, kwa kubadilishana: hiki, kile, hiki, kile. Usirushe kimoja mara tano mfululizo halafu kingine, kwa sababu mkono unachoka na utakilaumu cha pili bure. Kisha rudi upande wa pili na urushe tena kuelekea ulikotoka, ili kama kuna kaupepo, kamguse kila kimoja pande zote mbili. Andika fasi kilipoanza kurudi kushoto, kwa sababu mahali kilipoangukia panadanganya: kisahani kinaweza kugonga ardhi kwa ukingo na kubingirika mita kumi. Na usilinganishe kipya na kilichozeeka. Wengi wanasema toleo jipya ni baya kuliko la zamani, kumbe la zamani lilisharekebishwa na miti miaka mitatu.

Kuhusu wale wanaotaka kutuma visahani nyumbani, kuna jambo ambalo halimo katika namba yoyote. Des Moines iko chini, kwenye tambarare. Goma na Bukavu ziko karibu mita 1,500 juu ya bahari, karibu sawa na Denver, mji wa Colorado ulio kwenye mita 1,600. Wachezaji wa Marekani wanaopanda kwenda kucheza Denver wanajua kitakachotokea: hewa ni nyepesi, kisahani hakipati pa kuegemea, hakigeuki kulia kama kilivyogeuka chini, na kinawahi kurudi kushoto. Kila kisahani kinakuwa kaidi kuliko namba yake. Kwa hiyo Destroyer ya Champion ambayo tayari ni kaidi kule Iowa, mikononi mwa kijana anayeanza kando ya Ziwa Kivu, itakuwa ni jiwe. Tumeni visahani vyepesi kugeuka, vya kasi 6 au 7. Leopard ya Innova, kwa mfano, ina -2 kwenye namba ya tatu na 1 tu kwenye ya nne, na hata ikipoteza kidogo kwa sababu ya mlima bado mtoto ataiona ikienda mbele. Plastiki ya bei ya chini inatosha. Kwa mwanafunzi ni bora hata, maana inalegea haraka, na dola 20 za kisahani kimoja cha Champion zinanunua viwili vya DX.

Mpwa wangu amenunua kingine, safari hii cha Star. Kabla ya kukipeleka karibu na maji alikirusha asubuhi mbili kwenye kiwanja cha shule iliyo jirani na kwake, pamoja na kimoja alichoazimwa na rafiki. Kisha akachukua kalamu ya wino mzito, akageuza kisahani, na chini yake, fasi ambayo kompani haikuandika kitu, akaandika namba zake mwenyewe. Penye -1 ya dukani yeye ameandika sufuri.