Satelaiti ya Uhuru na Somo la Fizikia

Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru wake, roketi iliruka kutoka jukwaa la San Marco, mali ya Italia, lililosimama baharini karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Ilibeba satelaiti ya Marekani yenye uzito wa kilo 142 hivi, ya kwanza duniani kuundwa mahsusi kwa kuchunguza eksirei zitokazo katika nyota. Kwa kuiheshimu nchi mwenyeji, satelaiti hiyo iliitwa Uhuru.

Katika shule nyingi habari hiyo ikitajwa, wanafunzi hujivunia jina na somo huishia hapo. Ni hasara kubwa, kwa maana yale iliyoyaona Uhuru yanaweza kufahamiwa na mwanafunzi yeyote wa sekondari ajuaye kuzidisha na kugawanya.

Eksirei za angani haziwezi kuchunguzwa kutoka ardhini, kwani angahewa huzimeza. Kwa hiyo chombo hakina budi kupelekwa juu. Pwani ya ikweta ilichaguliwa kwa sababu mzunguko wa Dunia huisaidia roketi irukayo kuelekea mashariki, na pia kwa sababu njia iliyo juu ya ikweta huepuka sehemu kubwa ya chembe zenye nguvu zilizonaswa na usumaku wa Dunia, ambazo zingevuruga vipimo.

Katika kundi la nyota la Centaurus, Uhuru ilikuta chanzo kiitwacho Centaurus X-3, ambacho eksirei zake hudunda kila baada ya sekunde 4.84. Kila baada ya siku 2.09 chanzo hicho hufifia kwa karibu nusu siku, kisha hung'aa tena. Maelezo yaliyotolewa mwaka 1972 ni kwamba hizo ni nyota mbili zizungukanazo: moja kubwa, na nyingine ndogo mno, nzito na iliyoshindiliwa, yaani nyota ya nyutroni. Gesi ya ile kubwa huvutwa na ile ndogo, na inapoiangukia hupata joto la mamilioni ya digrii na kutoa eksirei. Nyota ndogo ipitapo nyuma ya mwenzake, hufichwa. Huko ni kupatwa.

Ushahidi mwingine umo katika saa. Nyota ndogo ikiwa upande wa karibu nasi, midundo huwahi kwa sekunde 40 hivi. Ikielekea upande wa mbali, huzidi kuchelewa mpaka inapofichwa. Sekunde hizo 40 ni muda wa nuru kusafiri kiasi cha nusu kipenyo cha njia yake. Nuru huenda kilomita 300,000 kwa sekunde. Basi nusu kipenyo ni kilomita milioni 12. Mwanafunzi akitafuta mzingo wa duara hilo, akaugawanya kwa siku 2.09 zilizogeuzwa kuwa sekunde, atapata mwendo wa kilomita 417 hivi kwa sekunde. Hesabu hiyo haihitaji maabara. Yatosha ubao na chaki.

Wako walimu wasemao kwamba mtaala umejaa na vifaa ni haba. Malalamiko hayo ni ya kweli, lakini mfano huu hauongezi mada mpya. Mwendo wa duara, mwendo wa nuru na mvutano vimo tayari katika mtaala. Kinachokosekana ni kuwaonyesha wanafunzi kwamba kanuni hizo hufanya kazi.

Riccardo Giacconi, aliyeongoza uchunguzi huo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Takwimu za Uhuru zimehifadhiwa na shirika la NASA, na ziko wazi kwa kila mtu. Bahari ya Ngomeni ilitoa mahali pa kurukia, nasi tukatoa jina. Lakini vipimo vilisomwa kwingine. Atakayewafundisha vijana wa leo kuvisoma wenyewe atakuwa amelipa jina hilo maana yake.