"Shida" ya Mbaraka Mwinshehe: kwa nini ilitoka Kenya, na haki zake zinaisha lini?

Kila tunapofungua simu za salamu, awe msikilizaji wa Mgeta, Matombo au Kinole, haikosi mtu kuomba "Shida" ya Mbaraka Mwinshehe na Super Volcano. Wengi wetu tunaujua wimbo huu kwa moyo. Lakini je, unajua kwamba ulinzi wa kisheria wa tungo za Mbaraka una mwisho, na kwa hesabu ya sheria ya Tanzania mwisho huo ni mwaka 2029?

Je, hii ni jazi kweli?

Mbaraka alizaliwa mwaka 1944, mwaka uleule ilipoanzishwa Morogoro Jazz. Neno "jazi" lilitoka Marekani, ila hapa kwetu lilimaanisha bendi ya dansi tu: magitaa, ngoma na tarumbeta. Mapigo yenyewe yalichota zaidi kwenye santuri za Kuba na rumba ya Kongo. Ndiyo maana wapinzani wao wa hapa hapa mjini, bendi ya Salum Abdallah, walijiita Cuban Marimba.

Mbaraka alijiunga na Morogoro Jazz katikati ya miaka ya 1960, akawa mpiga solo, mwimbaji na mtunzi. Mwaka 1970 bendi iliiwakilisha Tanzania kwenye maonyesho ya Expo 70 huko Osaka, Japani. Mwaka 1973 akaondoka, akaunda Super Volcano. "Shida" ni ya kipindi hicho.

Kwa nini ilitoka Kenya?

Wakati huo bendi ya Tanzania ilikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam. Pale wimbo ulirekodiwa kwenye utepe, ukapigwa hewani nchi nzima, lakini utepe ulibaki redioni. Msikilizaji hakuweza kuununua. Njia ya pili ni Kenya, kwa sababu kiwanda cha kuchapa santuri kilikuwa Nairobi. Huko kampuni za santuri zilirekodi, zikachapa na kuuza. "Shida" ilitolewa na PolyGram, ikawa mojawapo ya santuri zilizouzwa sana Afrika Mashariki.

Hii inaeleza mambo mawili. Kwanza, baadhi ya nyimbo za zamani utazisikia kwa namna mbili tofauti, kwani ziliimbwa kwa utepe wa redio na zikarudiwa kwa santuri. Pili, santuri ndogo haikubeba wimbo mrefu upande mmoja. Wimbo ulikatwa vipande viwili, na ulipofika katikati ulisimama ili ugeuze.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa. Biashara ya santuri kuvuka mpaka ikawa ngumu. Januari 12, 1979, Mbaraka alifariki kwa ajali ya gari Mombasa, akiwa na umri wa miaka 34.

Nani anakula jasho lake?

Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inalinda utunzi kwa uhai wote wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa Mbaraka, 1979 ukijumlisha 50 unapata 2029. Kwa Salum Abdallah, aliyefariki 1965, muda huo umeshapita. Baada ya hapo yeyote anaweza kuutumia utunzi bila kuomba ruhusa ya warithi. Haki za rekodi yenyewe, yaani utepe au santuri, zina hesabu yake tofauti.

Maana yake ni kwamba warithi wa wanamuziki wa enzi hizo hawana muda wa kupoteza. Mirabaha haimfuati mtu nyumbani: kazi lazima isajiliwe, na mrithi aonyeshe kwamba ndiye msimamizi wa mirathi. Kama nyumbani kwenu kuna mzee aliyepiga bendi, au aliyetangulia akaacha tungo, anzeni na majina ya nyimbo, bendi na miaka, na mtunze santuri na mikataba hata kama imechakaa.

Nasi wasikilizaji tuna sehemu yetu. Tunaporushiwa nyimbo mia kwenye kadi ya simu kibandani kwa shilingi chache, mwenye kibanda anapata chake na mwenye simu anapata burudani. Familia ya mtunzi haipati hata senti.

Redio nazo zinawajibika kuilipia kila zilipendwa inayopigwa, hii yetu ikiwemo.