Wagenia: bei iandikwe ubaoni

Kisangani – Jamaa inayotaka kupeleka watoto Wagenia siku ya yenga hupanga yote mapema: toleka, chakula, maji. Kitu kimoja haiwezi kupanga: pesa za kuingia. Huyu anaomba mlangoni, yule anaomba kwa sababu ya picha, mwingine kwa mtumbwi, na hakuna karatasi ya malipo.

Hiyo si haki. Wavuvi wanaosimamisha miti ndani ya maporomoko na kutega vikapu vyao vikubwa wanastahili malipo ya jasho lao. Basi bei moja iandikwe ubaoni, na pesa ziwafikie.

Na watoto waliokimbia vita vya Wambole na Walengola ng'ambo ya Lubunga tangu 2023 waingie bure. Wazazi wao wamepoteza mashamba. Wasinyimwe hata kutazama mto.