JUA JIWE LILILO CHINI YA SHAMBA LAKO

Wakulima wenzangu wa skimu,

Mtu akihamia shamba jipya huja na jembe lake, mbegu zake, ng'ombe kama anao, na akili ya kwao. Jembe na mbegu hazina neno. Nataka tuzungumze juu ya ile akili ya kwao, maana mara nyingi ilizaliwa juu ya jiwe jingine.

Mimi ni karani tu wa ofisi ya kilimo, si mpimaji wa miamba. Lakini nilifunzwa ualimu, na ualimu hauishi mtu akivua koti la chaki. Wapo wasemao ati habari za mawe ni za watoto wa shule, mkulima hana haja nazo. Mimi nakataa. Udongo unaoulima, ukiondoa samadi na majani, ni jiwe lililooza, na kila jiwe huoza kwa namna yake.

Miamba ni jamaa tatu. Ya kwanza ilitoka chini ya nchi ikiwa uji wa moto, ikapoa: ndiyo mawe ya Nyandarua na ya Mlima Kenya. Ya pili ni mashapo, yaani mchanga, tope na makombe ya bahari, yaliyolala tabaka juu ya tabaka mpaka yakashikana. Ya tatu ilikuwa miamba mingine kwanza, ikazikwa chini sana, ikabanwa na kuchomwa bila kuyeyuka, hata ikageuka. Marumaru ya Kajiado ni ya jamaa hii. Zamani yalikuwa mawe ya chokaa.

Jamaa hizi hugeuka moja kuwa nyingine. Atakaye kuona kwa macho na autazame mwinuko wa Yatta. Miaka milioni 13 hivi iliyopita palikuwa na bonde la mto hapo. Uji wa moto ukaja toka upande wa Bonde la Ufa, ukafuata bonde lile kama maji yafuatavyo mfereji, ukapoa ukawa jiwe gumu lenye urefu wa karibu kilomita 300. Miamba ya kando ilikuwa ya ile jamaa ya tatu, yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 500. Mvua ikaila ya kando, lakini jiwe la moto likakataa kuliwa. Leo lililokuwa chini bondeni limesimama juu kama ukuta, na mto Athi wapita chini yake. Mto huo huchukua udongo wa Ukambani, hubadili jina ukaitwa Galana, kisha Sabaki, na kuumwaga karibu na Malindi, ambako wakati wa mvua bahari huwa nyekundu. Tope hilo litafunikwa na tope jingine, na siku moja litakuwa jiwe tena. Lakini siku hiyo si yangu wala yako, wala ya vitukuu vyetu. Sentimita 1 ya udongo huchukua mamia ya miaka kufanyika, na shamba la mteremko lisilo na matuta laweza kuipoteza kwa misimu michache.

Sasa turudi kwa mhamiaji wetu. Miamba ya Ukambani ina chembe ngumu zing'aazo kama kioo, zisizooza. Ndizo mchanga wa mito yake. Kwa hiyo watu wa Machakos na Makueni hujenga ukuta katika mto mkavu, mchanga ukajaa nyuma yake, na maji yakakaa ndani ya mchanga, jua lisiyafikie. Ni kazi nzuri sana. Lakini mtu wa huko akihamia nchi ya jiwe la moto na kujenga ukuta kama ule, atapata nini? Jiwe la moto kwa kawaida huoza likawa udongo wa mfinyanzi. Ukuta utajaa tope, na simiti imekwisha kulipiwa.

Na aliyetoka Kiambu, penye udongo mwekundu mrefu unaopitisha maji, akaenda Kinangop, ambako watu wengi walipewa mashamba katika Mpango wa Ekari Milioni Moja ulioanza 1962? Huko pia ni nchi ya moto, lakini mahali pengi chini ya udongo wa juu pana mfinyanzi mzito, na maji husimama. Apandaye viazi pasipo mifereji huvuna vilivyooza, kisha hulaumu mbegu. Hata ule udongo mwekundu una hila yake: hushika fosforasi ya mbolea na kuinyima mimea. Samadi husaidia, na pale penye uchungu mwingi, chokaa.

Liko jambo jingine, nalo ni la watoto. Katika nchi ya moto ya Bonde la Ufa, kama Nakuru na Naivasha, maji ya visima virefu mara nyingi yana floraidi nyingi itokayo katika miamba. Ikizidi miligramu 1.5 kwa lita haifai kwa kunywa. Meno ya watoto huwa ya kahawia, na ikizidi sana hata mifupa hudhurika. Kuchemsha hakuiondoi. Basi kabla kamati haijatumia maji ya kisima, na yapimwe.

Ramani za miamba zipo, ila zimelala katika makabati ya Nairobi. Naona ingefaa kila ofisi ya skimu itundike moja ukutani, na chini yake meza yenye mawe ya hapo hapo, kila moja na jina lake. Kwa meza yetu ninaanza kukusanya. Ukichimba choo au kisima mwezi huu, chukua kipande cha jiwe la chini kabisa, andika namba ya shamba lako, ukilete ofisini siku yoyote ya kazi.