Aerografe haijakufa



Tangu majuma mawili kunasemwa katika masomo haya, ndani ya refektware na hata njiani kwenda ibadani, kwamba aerografe ya kikundi cha maketi imekufa. Kunasemwa tena kwamba wadogo wa mwaka wa kwanza njo wameiua, na kwamba kila mwanafunzi atatoa franka kidogo ili kununuliwe ingine. Sisi wa kikundi cha maketi tunayakataa maneno haya yote matatu. Aerografe haijakufa. Wadogo hawakuiua. Na feza ya wazazi wetu isitoke juu ya kitu ambacho maji ya vuguvugu na nusu saa ya uvumilivu vinatosha kukiponya.

Kwa wale hawajaiona: aerografe ni pistole ndogo ya kupiga rangi, inashikwa sawa kalamu. Ndani yake kuko sindano ndefu inayopita katikati mpaka mbele, katika kimdomo chenye tundu dogo sana. Tundu la yetu ni la milimita 0,3. Ukifinya gasheti kwa kidole, upepo wa kompresere unatoka. Ukivuta gasheti nyuma, sindano nayo inarudi nyuma, rangi inapata njia, upepo unaikamata na kuivunja kuwa sawa umande. Chombo hiki kilianza huko Marekani mwishoni mwa miaka ya 1800, na watu wengi wa kwanza kukitumia walikuwa wale wanaotengeneza picha za foto. Mpaka leo mambo ya ndani ni yale yale: upepo, rangi, sindano na tundu.

Sasa tuulize: tundu la milimita 0,3, rangi ikikauka ndani yake, itakuwaje? Hakuna haja ya kumtafuta mtu wa kulaumu. Tuangalie kwanza dalili, sawa muganga anavyofanya mbele ya kutoa dawa.

Upepo unatoka lakini rangi haitoki: kimdomo kimezibika, ao rangi ni nzito. Rangi inapashwa kuwa nyepesi sawa maziwa, si sawa uji. Rangi inatoka kwa kurukaruka, tena kunaonekana mapovu katika kikombe: upepo unarudi nyuma, kwa sababu kimdomo hakikukazwa vizuri, ao kimepasuka, ao uchafu umekaa kwenye kofia ya mbele. Rangi inatoka upande mmoja tu: ncha ya sindano imepinda. Mtu apitishe ncha ile polepole juu ya ukucha wake; ikikwaruza, amepata jibu. Rangi inafika juu ya maketi ikiwa kavu, inakuwa sawa muchanga: uko mbali mno ao upepo ni mwingi. Na ikikimbia juu ya kitu na kufanya miguu ya buibui, rangi ni maji mno ao mkono uko karibu mno. Kwa kazi yetu upepo wa bar 1 mpaka 1,5 unatosha. Wale wanaopandisha manometa mpaka 3 wakifikiri watazibua tundu kwa nguvu, wanajichokesha bure.

Kuko tena mambo ya majira. Wakati wa kiangazi rangi ya maji inakauka haraka kwenye ncha ya sindano, hata mbele ya kumaliza ukuta mmoja wa nyumba ya maketi. Basi inapashwa kufutwa kila mara na pamba iliyoloa. Wakati wa mvua ni kinyume: upepo una unyevu mwingi, maji yanakusanyika ndani ya kompresere na ndani ya mpira, kiisha yanatoka matone matone juu ya kazi yako. Watu wanasema, “aerografe inatema mate.” Si aerografe. Ni tanki ambalo hakuna mtu amelifungua chini ili maji yatoke.

Hayo yote hayako siri, yanaweza kujulikana na mtoto wa mwaka wa kwanza. Na hapa ndipo tunafika kwenye shida yenyewe, ambayo wengi hawapendi isemwe.

Katika kikundi chetu wakubwa wanapaka rangi, wadogo wanasafisha. Ni desturi tuliyoikuta. Kengele ya chakula ikilia, mkubwa anaweka pistole juu ya meza, rangi ingali ndani, anakwenda. Mdogo anaichukua, anasugua kikombe mpaka kinang’aa, anaipanguza kwa nje, anairudisha kabatini. Kwa macho ni safi. Lakini hakuna mtu alimwonyesha kwamba sindano inatoka, wala namna ya kuitoa bila kuipinda. Rangi inabaki ndani, inalala, asubuhi imekuwa jiwe. Halafu mkubwa anakuja, inakataa, anatafuta waya na kuusukuma katika tundu. Waya unapanua kimdomo, na kimdomo kilichopanuliwa hakiponi. Je, nani ameua?

Anayepaka haoni uchafu, anayesafisha haoni kazi. Kwa namna hiyo hakuna mmoja anakijua chombo kizima.

Wengine wanashauri kuifungia kabatini na kumpa ufunguo mtu mmoja tu. Tunawaheshimu, lakini katika kabati rangi inaendelea kukauka. Na huyo mtu mmoja akipata diploma na kwenda zake, tutabaki na kabati.

Meli tunayoijenga sasa kwa kadiri ya 1 kwa 100 ni Liemba ya Ziwa Tanganyika, meli ya metre 71. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande mpaka Kigoma, na mwaka 1915 ikaingia majini kwa jina la Graf von Götzen. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha ili adui asiipate. Lakini mbele ya kuizamisha, mafundi walipaka mashini zake grisi nzito. Mwaka 1924 Waingereza waliinua meli, wakaona mashini zingali zinafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Miaka mingi chini ya maji! Na sisi aerografe inatushinda usiku mmoja juu ya meza.

Basi ombi letu kwa komite ni hili. Yule anayepaka asafishe yeye mwenyewe, hata akiwa wa mwaka wa nne, na mdogo akae kando yake aone. Amwage rangi iliyobaki, apige maji safi mpaka yatoke bila rangi. Kiisha azibe mbele kidogo kwa kitambaa ili upepo urudi na kuchemsha maji ndani ya kikombe, atoe sindano, aipanguze, airudishe taratibu mpaka ikae, bila kusukuma. Ni dakika kumi. Kila juma moja kimdomo nacho kitolewe na kuoshwa. Vipande vyenye mipira visilale ndani ya diluanti, kwa maana mipira inavimba. Na diluanti yenyewe itumiwe madirisha wazi, pua imefunikwa, pasipo mshumaa wala taa ya petroli karibu. Hilo tunalisema hasa kwa wale wanaofanya kazi usiku umeme ukikatika.

Kwa upande wa feza: tulifungua aerografe mbele ya mwalimu wa kuchora. Sindano ni nzima. Kimdomo tu kimepanuka. Kinachopaswa kununuliwa ni kipande kile kidogo, kirefu sawa punje ya mchele, si pistole nzima. Tunaomba mchango usimamishwe mpaka komite ione kwa macho yake.

Siku ya posho, nyuma ya usafi wa mabweni, tutaifungua tena katika darasa la kuchora, kipande kwa kipande, mbele ya kila mtu anayetaka. Wa mwaka wa kwanza watakaa mbele. Mulete kitambaa cha pamba na brosi ya meno ya zamani. Wale waliosema imekufa nao wakuje, ubavu wa kushoto wa Liemba ungali unangoja rangi.